Shimo la Shanga

Panya wa kisiwani walikula nazi. Minazi isipozaa, walinunua mtama kwa Kunguru wa bara, aliyepokea shanga za ng'ambo tu. Shanga hizo walizitunza shimoni, Kaa akilinda. Kila harusi ya wakubwa wao shanga zilichotwa, mchanga ukamiminwa, na chache zikatandazwa juu.

"Shimo limejaa, mama, nenda kalale," Kaa alimwambia Panya mmoja mwenye watoto wachanga.

Minazi ilipokauka, Kunguru alileta mtama. Panya yule akatumbukiza mkono shimoni, ukatoka na mchanga.

"Kaa, huu nao nikawapikie wanangu?"

"Dada, mimi nililinda shimo. Walioingia walikuwa wakubwa wangu."

Kunguru alifunga gunia lake akaruka. Panya alirudi kwa wanawe mikono mitupu. Wakubwa walikutana haraka, wakaamua Kaa aongezewe mlinzi mwenzake.