Kopo la Ambakisye

Tangu chokaa ya dukani ya kupunguza uchachu wa udongo ipigwe marufuku, kila shamba la parachichi lilitibiwa kwa mifupa ya wenyewe. Wafu walichomwa, wakarudishwa nyumbani wakiwa unga mweupe ndani ya kopo. Kopo la Ambakisye lilikaa kabatini miaka mitatu, mjane wake Tusekile akisema mwakani, mwakani, mpaka udongo ukawa mchachu kama ndimu na majani yakageuka manjano.

Asubuhi hiyo alijikongoja shambani pamoja na Subilaga, mke wa mwanawe. Alimnyunyiza mumewe kwa kiganja, akizungushia pale kivuli cha mti kinapoishia, mbali na shina, kama marehemu mwenyewe alivyomfundisha. Kiuno kilimuuma. Kwenye mti wa saba kopo likaisha, na miti ilikuwa kumi na miwili.

“Na hii mitano je, mama?” Subilaga aliuliza.

“Itasubiri, mwanangu. Nimechoka.”

Subilaga aliitazama ile miti, kisha akamtazama mama mkwe wake kuanzia mabegani hadi miguuni. Akaenda jikoni, akarudi na bilauri ya maziwa iliyojaa pomoni.

“Kunywa yote, mama,” alisema kwa upole. “Yanajenga mifupa.”