Moyo Uliopiga Mluzi

"Tupumzike kidogo, mtoto amechoka," Kabiru alisema, akaketi kwenye jiwe kando ya barabara, akihema.

Mtoto mwenyewe, Waceke, alikuwa mbele kabisa, anamfukuza panzi.

Walikuwa wamepumzika hivyo njia nzima tangu Yamumbi, walikohamia mwaka uliopita baada ya mzungu aliyemwajiri Kabiru kuuza shamba na kurudi kwao. Mama Waceke alitaka kumpeleka mtoto hospitali yeye mwenyewe, lakini Kabiru akakataa. Hiyo ilikuwa kazi ya mwanaume mwenye kifua.

Taabu yote ilianzia dispensari. Waceke alipelekwa kwa sababu ya kikohozi. Alipoona sindano alimrukia babake, akamng'ang'ania kama tumbili, hata wakashindwa kumbandua. Dresa Wepukhulu, mhudumu wa pale, akapenyeza chombo chake cha kusikilizia moyo hapo hapo katikati yao. Akasikiliza. Akakunja uso.

"Moyo wa huyu mtoto unapiga mluzi," alisema. "Amezaliwa na tundu. Mpelekeni Eldoret, kuna mashine."

Tangu siku hiyo Waceke aliishi kama malkia. Hakuteka maji, hakuchunga mbuzi, na uji aliletewa kitandani. Kabiru ndiye aliyekonda. Akipalilia mstari mmoja wa mahindi anaegemea jembe, midomo imegeuka rangi. Majirani wakasema ni huzuni, maskini, anampenda sana huyo msichana.

Hospitalini, Daktari Ouma alimlaza Waceke kitandani akambandika nyaya kifuani na mikononi. Waceke akacheka, zilikuwa zinamtekenya. Mashine ikaguna, ikatema karatasi ndefu yenye milima na mabonde. Daktari akaisoma, kisha akamsikiliza mtoto mbele na nyuma.

"Mzee, moyo huu hauna neno. Ni wa swara."

"Daktari, tafadhali rudia!" Kabiru alisihi. "Dresa alisikia mluzi kwa masikio yake. Kutoka Yamumbi mpaka hapa tumepumzika kila kona!"

Daktari akamtazama, akakuna kidevu. "Huyo dresa alimsikiliza akiwa amelala?"

"Hapana, nilikuwa nimembeba. Hivi." Kabiru akamkumbatia binti yake kwa nguvu.

Daktari akapenyeza chombo katikati yao. Macho yakamtoka.

"Haya basi. Mluzi huu hapa."

Kabiru akafumba macho. "Mungu wangu. Mtoto wangu."

Daktari akamshusha Waceke taratibu mpaka chini. Chombo hakukishusha. Akaendelea kusikiliza.

"Bado unapiga," alisema. "Mzee, vua shati, panda kitandani. Na wewe, Waceke, mshike babako mkono, asije akatoroka."