Marisau Nyuma ya Sikio

Kaka yake Solveig aliinua bunduki, na mbwa akajitupa chini, tumbo kwenye nyasi, masikio yamelala.

Kwale waliruka wakapotelea nyuma ya kilima. Hakuna aliyefyatua.

"Ona limbwa joga!" kaka alifoka. "Mumeo ndiye aliyemharibu mwaka jana. Kipofu yule!"

Solveig alipiga magoti akapapasa nyuma ya sikio la mbwa. Marisau matatu, zile chembe za risasi ya kuwindia ndege, yalikuwa bado chini ya ngozi, magumu, yakiteleza chini ya kidole. Kila Oktoba familia nzima iliwinda hapa Dakota, ila mwaka huu mumewe alikatazwa kuja. Kaka aliapa kwamba shemeji yake ndiye aliyempiga mbwa risasi, na Solveig akaamini. Mwaka mzima hakumpa mumewe neno jema.

Lakini asubuhi hii baba yao amefyatua mara tano, Solveig mara mbili, na mbwa hakushtuka hata kidogo. Kaka alichelewa kuja. Ndio kwanza anainua bunduki yake.

"Twendeni bwana," kaka alisema, akashusha mtutu.

Mbwa akasimama.

Baba aliyaona yote. Akatoa risasi kwenye bunduki yake, moja, ya pili.

"Hebu inua yako tena, tumwone mbwa," akamwambia kaka.

Kaka akacheka peke yake.

"Umeambiwa inua," Solveig alisema.