Rampu Kabla ya Saa Nne

"Hizi fupi hazinifai," mwanamke alisema, akaisukuma rampu kwa ncha ya kiatu. "Nitolee ndefu."

Bwana Pima hakuzoea bidhaa zake kusukumwa kwa kiatu. Jina hilo wateja walimpa kwa sababu hakuuza kitu dukani mwake, iwe bomba, iwe bati, iwe trela, bila kukipima mara tatu na kumhoji mnunuzi kama karani wa mahakama. Kwa rampu, zile mbao za chuma za kupandishia na kushushia mashine, alikuwa na maswali yake: unapakia nini, kina uzito gani, na trela lako lina kimo gani. Asiyeweza kujibu yote arudi kwanza nyumbani akapime.

"Trekta dogo," mwanamke alijibu. "Tani moja na robo pamoja na jembe. Na trela hili hapa." Akatoa mfukoni uzi wenye mafundo mawili. "Fundo la chini ni ardhi, la juu ni sakafu yake."

Pima akaunyoosha uzi kando ya futi. Sentimita sabini na mbili. Moyoni akampa heshima yake. Wanaume wengi humjia na vipimo vya mdomo tu.

"Mbona mapema hivi, mama? Hata kufagia sijamaliza."

Mapema, alisema, ni kwa sababu ya shemeji zake. Mumewe hajatimiza miezi miwili kaburini, wao wameshakaa kikao na kuamua kwamba trekta ni mali ya ukoo. Kadi ya trekta ina jina lake yeye. Anayelima mashamba ya watu kwa trekta hilo ni yeye, na watoto wanakula jasho hilo hilo. Lakini kikao hakikumwita. Jana wamemvamia na kreni nzima wakati amempeleka mwanawe hospitali. Kilichomwokoa ni gari lao la kuvutia, maana lilivunjika gia pale pale langoni. Wakaondoka kutafuta jingine, na leo saa nne wanarudi.

"Sasa ni saa mbili na nusu," akamaliza. "Kwa hiyo pima, kaka, lakini pima upesi."

Pima akaelewa mambo yote. Mjane anataka kulipakia trekta lake alitoroshe kabla jamaa hawajafika. Damu ikamchemka. Dada yake mwenyewe alifiwa na mume, akanyang'anywa kila kitu mpaka sufuria, na siku ile Pima alikunja mikono akasema mambo ya ukweni hayamhusu. Aibu hiyo haijamtoka hadi leo.

"Achana na za chuma," alisema, akiwa tayari ameinama kwenye rafu ya chini. "Zina nguvu, lakini zitakuvunja mgongo. Chukua alumini, mita tatu. Ndefu ni mlima mpole. Tazama haya meno, tairi haliwezi kuteleza hata kukiwa na tope. Na hizi ndoano zina mnyororo wake. Usipoufunga, tairi litaisukuma rampu nyuma, wewe na trekta mtaifuata."

"Nitafunga."

"Halafu unapanda kwa mbele, gia ya kwanza, usukani usiuguse."

"Mimi nitakwenda kinyumenyume."

"Mama, nimeuza rampu miaka ishirini."

"Na mimi nimeendesha trekta miaka kumi na tano. Kinyumenyume."

Pima akaitoa rampu ya kwanza rafuni. Kubishana na mtu mwenye haki na hasira kwa pamoja ni kupoteza wakati, na wakati wenyewe haukuwepo.

"Trela limefungwa kwenye gari?"

"Halijafungwa. Liko uani kwangu, peke yake."

"Basi weka magogo chini ya mkia wake. Bila hivyo, uzito ukifika ukingoni, pua itanyanyuka."

"Magogo ninayo."

"Na ukishamaliza unakimbilia wapi? Nina mjomba ana banda nje ya mji, hakuna atakayekufuata kule."

Mwanamke akamtazama kwa mara ya kwanza bila haraka.

"Sikimbii mtu, kaka. Nikimbie kwangu niende wapi?"

Maneno ya kujikaza, Pima akajiambia. Dada yake naye alisema hivyo hivyo asubuhi, jioni akaondoka na kifurushi kimoja. Akafunga duka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya kazi, akapakia rampu kwenye pikapu yake na kumfungulia mwanamke mlango. Nyuma ya pikapu kulikuwa na kiungio cha kuvutia trela. Njia nzima alikuwa akipanga kimoyomoyo: wakishapakia, atalivuta yeye mwenyewe hadi kwa mjomba, mama akatae asikatae. Safari hii hatakunja mikono.

Walifika saa tatu na robo. Mwanamke alifungua lango, akaruka matone ya oili yaliyoachwa na lile gari la shemeji zake, akakata kona ya nyumba mbio. Pima akafuata kwa kurudi nyuma, macho yote kwenye ukuta wa nyumba asije akaugusa, akasimamisha pikapu uani na kushusha rampu moja moja. Akatazama ndani ya banda ili alione hilo trekta na ajue wataanzia wapi.

Banda lilikuwa tupu.

Akageuka. Trela lilikuwa katikati ya ua, magogo yameshawekwa chini ya mkia. Juu yake, pale pale kreni ya shemeji zake ilipolitua jana, lilikuwa trekta, na mwanamke alikuwa kwenye kiti akiutupa chini mnyororo wa mwisho.

Akawasha injini, akageuza shingo kutazama nyuma.

"Funga hizo ndoano vizuri, kaka," alisema. "Nashuka."