Bega la Kinyozi

"Inua mkono wa kushoto, taratibu," alisema mama mtaalamu wa mazoezi ya viungo. "Bega likiuma, sema."

Kinyozi akauinua hadi usawa wa sikio, akaugandisha hapo, akakunja uso kama aliyeng'ata limau. Bega halikumuuma hata chembe. Asubuhi ile ile alikuwa ameutumia mkono huo huo kushusha sufuria kutoka juu ya kabati.

Tusimsingizie, mwanzoni aliumwa kweli. Miaka arobaini ya kunyoa watu, mkono wa kulia juu, uzito wote mguu mmoja, ilikuwa imempinda. Siku ya kwanza mtaalamu alimsimamisha mbele ya kioo, akampima kiungo kwa kiungo. Bega la kushoto limekaza, nyonga haikunjiki, na kusimama kwa mguu mmoja hakufikisha sekunde tatu.

"Umeutumikisha upande mmoja, mwenzake umemtupa," alimwambia, akampangia mazoezi ya kusawazisha.

Kinyozi akayafanya nyumbani kila jioni, na hapo ndipo alipojiharibia. Wiki ya tano alikuwa mzima kabisa. Na aliyepona huhamishiwa ukumbi wa chini, kwenye mazoezi ya kundi, kwa mwalimu wa filimbi. Mtu mzima apigiwe filimbi, jamani.

Lakini si filimbi iliyomtisha. Tangu mkewe afariki, miaka sita sasa, hakuna aliyemuuliza siku yake imekwendaje kisha akangoja jibu, ila mama huyu, kila Alhamisi saa kumi, bila haraka yoyote. Alimpenda, basi. Kwa hiyo akaendelea kuumwa.

"Haya, mguu mmoja."

Akasimama. Hesabu ilipofika nne akajiyumbisha, akamshika mama mkono.

"Wiki iliyopita uliangukia kulia," mama alisema. "Leo kushoto."

"Ugonjwa unahama, mama."

"Naona." Akainamia daftari lake, mabega yakimtikisika kidogo. "Safari bado ndefu, mzee wangu."

Kinyozi alitoka akichechemea kwa furaha. Nje ya mlango akaitazama kadi yake ya miadi, akaigeuza upande wa pili. Mama hakuwa amemwandikia tarehe nyingine, jambo ambalo hakuwahi kulisahau. Je, kama ameamua kumpeleka chini?

Akashuka ngazi mbilimbili hadi mapokezi, kwa karani mpya.

"Mwanangu, niandikie tena Alhamisi saa kumi. Bega langu bado baya sana."

Karani akaichukua kadi, akapekua kitabu cha wagonjwa, akarudia kupekua.

"Babu, wewe umeandikwa umepona tangu mwezi juzi," alisema. "Halafu Alhamisi saa kumi haiwezekani. Mtaalamu humaliza kazi saa tisa, na ametukataza kabisa kumpelekea mgonjwa baada ya hapo. Anasema kila Alhamisi saa kumi huwa ana mgeni wake."