Vazi la Askari

Mbaruku alikata uzi wa kifungo cha mwisho, akavaa alichokishona: kaptula na shati la kaki kama la askari wa wakoloni, na kofia nyekundu yenye kishada cheusi. Kila akimaliza vazi la kale la maigizo humwonyesha bibi yake kwanza, naye bibi humtania mjukuu wake, "Mume wangu, leo umekuwa sultani?"

Safari hii bibi hakucheka. Ungo ulimponyoka, mchele ukamwagika. Akapiga magoti, yeye asiyeweza hata kuinama kuvaa viatu.

"Baba hayupo, bwana askari," akasema kwa sauti ya kitoto. "Ametoka tangu asubuhi."

"Bibi, ni mimi, Mbaruku!" Akaitupa kofia, akahangaika kufungua vifungo.

Bibi hakumtazama usoni. Alivikodolea macho vile vifungo vya shaba, machozi yakimtiririka.

"Basi usimpige mama. Mwache mama, nitasema."

Kisha akanyoosha kidole juu, kwenye dari ya nyumba hiyohiyo alimozaliwa.

Mbaruku akajikuta amesimama wima, ameinua macho, anasikiliza.