Tuba ya Upande wa Pili

Je, mumekwisha kuona kwaya nzima inakula mayai wiki tatu, asubuhi na mangaribi, kwa sababu ya ukuta?

Ilikuwa Ruashi, kwenye nyumba ya vyumba viwili. Kimoja, kwaya ya Mama Martine ilijifunzia humo nyimbo. Cha pili alikikodi Papa Adrien, mutu wa fanfare, mupiga tuba, ile tarumbeta kubwa kama beseni ya kufulia. Wiki tatu mbele, siku ya Mungu, ndiyo jumapili, padri angesikiliza kwaya zote, achague moja ya kuimba sikukuu ya parokia. Kwa Mama Martine pagne za kuvaa siku hiyo zilikwisha kushonwa. Lakini kila wakianza wimbo: Buuu! Sauti zote nne zinapotea njia.

"Ni Adrien," akasema Papa Michée, muimbaji wa besi. "Tuzibe ukuta."

Wakabandika plato tupu za mayai, toka chini mpaka plafon. Zilipopunguka, Papa Michée alikwenda mwenyewe kutafuta zingine kule mutaa wa Hewa Bora. Siku hiyo kwaya iliimba vizuri mpaka Mama Martine akatoka machozi.

Papa Michée akarudi na plato makumi tano. Wakabandika, wakaimba. Buuu!

Wakasimamisha mbao nyembamba za triplex, na nyuma yake mifuko ya unga wa mbao. Mama Léa, muimbaji mumoja, akaleta godoro lake la ndoa; bwana yake akabaki kulala kwenye mukeka, ananung'unika. Chumba kikawa chembamba, waimbaji wakasimama ubavu-ubavu kama samaki ndani ya kopo.

"Sasa hakuna mutu atatusikia inje," Papa Michée akafurahi. "Leo naimba na nguvu yote!"

BUUUU!

Na kila mara Papa Adrien alikuja mulangoni, kofia mukononi. "Mama Présidente, pardon, mi nilikuwa nataka..."

"Nyamaza, Papa! Pardon utaomba kisha siku ya Mungu kupita!"

Ikafika siku ya Posho, na kesho yake ndiyo padri anakuja. Mama Martine akachoka. Akaenda kupiga magoti kwa Papa Adrien, pagne mupya ikagusa vumbi.

"Papa, nakulomba. Sema kitu unataka, tutakupa. Lakini hiyo tuba yako, uiache kwanza."

Papa Adrien akamuinua polepole.

"Mama, tuba yangu ilipasuka, iko kwa soudeur, fundi wa kuunga vyuma, tangu Pasaka. Nilikuwa nataka tu munikopeshe ile yenu."